Maji Iko, Pampu Inakohoa

Jumatatu iliyopita nilirudisha funguo mbili za nyumba ya pampu. Nilizihesabu mara mbili. Karani alizihesabu mara moja, akaandika tatu. Nikamwambia, "Kaka, funguo iko mbili." Akanijibu kwamba karatasi tayari imesema tatu, na karatasi ya ofisi haifutwi. Kwa hiyo nimeacha kazi salama, ila natafutwa kwa ufunguo ambao hakuna fundi aliyewahi kuutengeneza.

Ninyi mliobaki na pampu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo nitaviruka, maana vilinirukaruka mimi vilevile. Nitawaandikia juu ya mfereji. Mgeni akifika kituoni anatazama pampu, kwa sababu ina rangi na kelele. Mfereji unaoiletea pampu maji hautazamwi na mtu, labda awe ametumbukia. Mimi nilijifunza kuutazama kwa sababu neno langu moja, tena neno fupi, lilikaribia kumfukuzisha kazi mtu aliyenifundisha kazi.

Mtu huyo ni Papa Ndoole. Nilimkuta wakati wa vita ya Wazungu, kwenye shamba la ng'ombe juu ya Ngungu, nilipoajiriwa kuandika daftari la maji. Alikuwa mwenyeji wa Burungu, Mprotestanti mkavu, hajaonja pombe tangu azaliwe, na alikuwa mashinisti, mwendeshaji wa pampu. Siku ya kwanza hakunipa salamu ndefu. Alitoa turnevisi yake, ile bisibisi ya kufungulia visi, akaegemeza ncha yake kwenye tumbo la pampu na mpini wake kwenye sikio langu.

"Unasikia nini?"

"Kelele, Papa."

"Kelele ya nini?"

"Ya pampu."

"Basi haujasikia. Kesho tena."

Siku ya tatu nikasikia kitu cha ajabu kidogo. "Papa, iko kama mahindi inakaangwa."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Njo hiyo! Hiyo iko hewa. Pampu inakunywa maji, haikule hewa. Ikikula hewa inakohoa, ikikohoa sana inaachilia maji yote, na weye unabeba ndoo kuinywesha upya kama mutoto mugonjwa."

Saa ya mkono hatukuwa nayo. Kujua nguvu ya pampu, tuliweka pipa chini ya bomba na kusali Baba Yetu mpaka lijae. Mimi Mkatoliki nilipata Baba Yetu nne. Yeye alipata tatu na kipande. Tulibishana wiki nzima kama ni pampu iliyoharibika ao ni Kanisa, hadi tukagundua kwamba Waprotestanti wanaongeza mwishoni ule ufalme na nguvu na utukufu, na pipa halingojei utukufu. Tukapatana kupima kila pipa mara mbili, mara moja kwa dini yake na mara moja kwa dini yangu. Ndipo nilipopata ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na mke wangu anajua kwamba sijapona.

Vita ilipokwisha, Papa Ndoole aliitwa Walikale, kwenye machimbo ya bati ndani ya msitu, akasema haendi bila mwandishi wake. Kazi ilikuwa kupandisha maji kutoka mtoni hadi juu ya kilima, ambako mawe ya bati yalioshwa. Mto hauingii ndani ya pampu wenyewe, haujafundishwa adabu hiyo. Kuna mfereji unaoyatoa maji mtoni, kuna shimo mfereji unapoishia, na ndani ya shimo kuna bomba ambalo pampu inanyonya kwalo.

Mfereji tulioukuta ulichimbwa kwa jembe na watu waliotutangulia. Ulikuwa mpana kama kitanda cha watu wawili, umepindapinda, una majani kandokando, na maji yake yalikuja polepole kama mtu aliyeitwa kulipa kodi. Tena, karibu na shimo, wanawake wa kijiji walikuwa wamepigilia vijiti safu tatu, na kwenye vijiti wamefunga vitunga vyao vya mihogo. Mihogo ya kule ni michungu. Lazima ilale majini siku tatu ao nne mpaka ilainike, ndipo itoe unga wa fufu.

Mkubwa wao alikuwa Mama Veronika, mke wa mwindaji, na ulimi wake uliwinda kuliko mume. Kila asubuhi alimchokoza Papa Ndoole.

"Papa, hii pampu yako inakunywa maji ya mihogo yangu. Siku moja itazaa."

"Ikizaa, Mama, mutoto tutakuletea weye umulee."

"Nimulee na nini, na mafuta yako ya mazutu?"

Tukaishi hivyo miaka kadhaa. Pampu haikukohoa hata mara moja, na hakuna aliyejiuliza sababu. Kitu kinachokwenda vizuri hakiitiwi injenieri.

Halafu injenieri akaja mwenyewe. Jina lake sikujua kulitamka. Kampi nzima ilimwita Bwana Mustari, kwa sababu alitembea na kamba na rula, na kila alichokiona kimepinda kilimuumiza tumbo. Alinyoosha njia ya chooni. Alinyoosha mstari wa migomba, ambayo haikumwelewa. Alipofika kwenye mfereji wetu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hii hapana iko mufereji! Hii iko poto-poto, matope tu!"

Akachora mfereji mpya. Mwembamba, wa simenti, umenyooka kama bunduki kutoka mtoni. Sasa, nyumba ya pampu haikujengwa kwenye mstari wake, ilijengwa pale mwamba uliporuhusu. Kwa hiyo mwishoni, hatua chache kabla ya shimo, mfereji ulikata kona kali kama kona ya meza. Kona hiyo aliipima mara nyingi, akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe mzuri.

Vijiti viling'olewa, vitunga vikatupwa kandoni. Mama Veronika alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Bwana, mihogo yetu ilikuwa inakaa kimya. Haijatukana muntu."

"Hapa iko kazi ya mashini! Hapana iko jikoni!"

"Haya. Tutaona mashini itakula nini."

Siku ya kufungua maji, Bwana Mustari alivaa kofia mpya. Maji yalikuja mbio, meupe, yakagonga kona, yakajimwaga shimoni. Alinigeukia na kuuliza swali ambalo alikuwa amelitengea safu nzima kwenye daftari langu, ya kujazwa kila saa.

"Maji iko?"

Nikatazama kijiti chenye alama kilichosimama shimoni. Maji yalifika alama ya tano, juu kuliko zamani.

"Iko, Bwana."

Nikaandika: iko. Kabla wino haujakauka, pampu ikakohoa. Ikakohoa tena. Papa Ndoole akaweka turnevisi sikioni, akanitazama, na midomo yake ikasema bila sauti: mahindi. Kufika saa sita tulikuwa tumeinywesha kwa ndoo mara nne. Mara nne, nilihesabu mara mbili.

Ikaendelea hivyo wiki mbili. Bwana Mustari alitibu kwa elimu yake. Aliagiza mota ikimbizwe zaidi, na kikohozi kikaongezeka. Alifinya mdomo wa mfereji kwa mbao ili maji "ipate nguvu", na maji yakapata nguvu kweli, pampu ikaachilia yote mchana kutwa. Kilimani mawe ya bati yalikaa bila kuoshwa, na wakubwa wa kilimani wakaanza kuandika barua.

Mzungu akipata barua hutafuta mtu mweusi wa kumsomea. Bwana Mustari alituita ofisini, akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti kubwa.

"Saa mbili, iko. Saa tatu, iko. Saa ine, iko. Kila siku, iko! Maji iko. Mazutu iko. Pampu iko mupya." Akamnyooshea Papa Ndoole kidole. "Basi weye njo hauko! Weye unalala. Weye iko mulevi!"

"Bwana, mimi sikunywaka pombe."

"Unanuka!"

"Ninanuka mazutu, Bwana. Njo kazi yangu."

Akachukua buku la kazi la Papa Ndoole, lile ambalo bila hilo hakuna mahali unapoajiriwa, akaandika neno moja kwa wino mwekundu: mulevi. Kisha akaeleza. Baada ya wiki mbili mkubwa wa kampuni atakuja kutazama kituo. Pampu ikikohoa mbele yake, Papa Ndoole atatoka siku hiyohiyo, yeye na mkewe na watoto sita, nyumba ya kampi itafungwa, na buku lile atakwenda nalo. Kutoka Walikale mpaka Kirotshe, kando ya ziwa, hakuna tajiri ambaye angempa hata panga la kukata majani.

Tulirudi kituoni. Mimi nilikuwa natembea nyuma kama mtu aliyemwibia. Mwishowe nikamwambia, "Papa, njo neno yangu ilikuua."

Akanijibu, "Haukudanganya. Aliuliza kama maji iko, na maji iko. Hakuuliza iko namna gani."

Hapo, ninyi vijana, ndipo kazi yangu ilipoanza, ingawa nilikuwa nimeajiriwa miaka mingi. Nilikaa kando ya shimo na majani makavu ya mgomba, nikayachana vipande vidogo, nikavitupa kimoja kimoja. Kwenye mfereji vilikwenda mbio na kunyooka. Kwenye kona vilibanwa vyote upande mmoja wa ukuta, upande wa pili maji yakalala kama hayana habari. Na shimoni vilizunguka, vikazunguka kwa haraka zaidi, hadi katikati ya maji pakatoboka kitundu kama kitovu. Kipande kikafika kwenye kitovu, kikasimama wima, kikaenda chini. Sekunde chache, pampu ikakohoa. Nilitupa vipande ishirini. Nikatupa tena ishirini.

"Papa, maji inacheza ngoma. Inafungua mulango kwa hewa."

"Minaona. Zamani haikucheza. Ni nani aliifundisha?"

Jibu lilikuja na kitunga kichwani. Bwana Mustari alikuwa amesafiri upande wa Masisi kuchukua simenti. Aliahidi siku tatu, lakini mvua ilikuwa haijaambiwa, na barabara ilimshika siku nane. Mama Veronika hakungoja hata gari lipotee kwenye miti. Alikuja na wenzake, vijiti begani.

Mimi nilikuwa na amri ya kuwafukuza. "Mama, hakuna. Hata kitunga moja."

"Ishirini," akasema.

"Mama, Bwana atatuchapa bote."

"Bwana iko kwa matope. Kumi na nane."

"Mbili, nyuma ya majani, hazitaonekana."

"Mbili nilishe nani, weye? Kumi na tano, na unakula fufu kwangu Jumapili."

Tukaishia kumi na mbili, safu tatu za vinne, baada ya kona kabla ya shimo, pale walipozoea. Nilijiona nimeshinda. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa na vitunga kumi na viwili tu.

Jua lilipanda, nikaandika saa mbili, saa tatu, saa nne. Saa tano Papa Ndoole alitoka nyumba ya pampu akiwa ameshika turnevisi kama mshumaa.

"Weye, kuja. Sikiliza."

Nikasikiliza. Hakukuwa na mahindi. Tulikwenda shimoni. Maji yaliyotoka kwenye kona kwa hasira yaligonga safu ya kwanza ya vitunga, yakagawanyika, yakapita kwenye matundu ya pili, yakachoka kwenye ya tatu, yakaingia shimoni kwa upana wote, bila mbio. Kitovu hakikuwepo. Nilitupa jani, likaelea kama mbunge... hapana, neno hilo lilikuja baadaye. Likaelea kama mtu mwenye heshima.

"Mihogo," akasema Papa Ndoole polepole, kama mtu anayetamka jina la mgonjwa aliyepona.

Siku ya pili nilimwomba Mama Veronika atoe vitunga. Alinitukana, akatoa. Pampu ikakohoa kabla ya saa tatu. Nikamwomba arudishe. Alinitukana mara ya pili, kwa hiyo jaribio lilithibitishwa. Pipa likajaa kwa Baba Yetu nne zangu, tatu na kipande zake, kama zamani.

Sasa ilibaki kumweleza Bwana Mustari, na siku zilizobaki kabla ya mgeni zilikuwa tano. Papa Ndoole alitaka kusema ukweli. Nikamwambia, "Papa, ukimwambia mihogo imemushinda, atakufukuza leo. Niachie. Mimi nimezaliwa karibu na soko."

Nilimkuta ofisini na karatasi yake, kabla hajafika mferejini. Sikutaja mihogo. Nilisimama nikitikisa kichwa kama mnunuzi anayesikitikia kitambaa.

"Nini?" akauliza.

"Bwana, mufereji iko muzuri sana. Lakini mustari iko moja tu."

Akainua kichwa.

"Mugeni mukubwa atakuja, ataona mustari moja. Hapa karibu na shimo, kwa karatasi, iko nafasi tupu. Kungekuwa mistari tatu..."

"Tatu?"

"Ya miti, Bwana. Inanyooka. Inasimama sawasawa kama askari."

Akachukua rula kabla sijamaliza. Alichora mistari mitatu, akaipenda, akaniuliza katikati ya vijiti kuwe na nini, maana vijiti vitupu vilionekana maskini. Nikasema labda vichujio, vya kushika majani, na kwamba bamama wanajua kusuka. Akaandika filtre, akapiga mstari chini yake. Nikaona mkono uko mwepesi, nikaongeza bei. Nikaomba zile mbao za mdomoni ziondolewe, ili mgeni auone mfereji wote. Zikaondolewa. Nikaomba kona ichongwe, ilainike. Hapo alikataa. Mfanyabiashara anajua wapi pa kuacha.

Mgeni mkubwa alikuja na miwani ya jua na mtu wa kumshikia mwavuli. Papa Ndoole alikuwa ndani, sikio kwenye turnevisi. Mkewe alikuwa amefunga vyombo vyao kwenye mkeka, tayari, kwa sababu hakuamini vitunga. Mgeni alitembea kwenye mfereji, akafika kwenye safu tatu, akainama, akanusa. Mihogo ya siku tatu haihitaji kutambulishwa.

"Hii iko nini?"

"Filtre!" akasema Bwana Mustari.

"Fufu," akasema Mama Veronika, wakati uleule.

Mgeni aliwatazama wote wawili. Halafu akasikiliza pampu. Ilikuwa inaimba sawasawa, bila kikohozi. Alisimama pale Baba Yetu kumi na tano, Kikatoliki. Akaandika filtre kwenye kidaftari chake, akampa Bwana Mustari mkono, akaenda kula. Mke wa Papa Ndoole akafungua mkeka, akatoa sufuria.

Nyumba ilibaki. Lakini buku la kazi lilibaki na neno lake jekundu. Papa Ndoole alilipeleka ofisini kwa heshima, Bwana Mustari akalitazama kwa huruma ya kweli.

"Nimeandika. Karatasi hapana kufutwa."

Kwa hiyo mtu asiyejua ladha ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, alizeeka akiwa mlevi wa maandishi. Waumini wenzake walicheka kwanza, kisha wakaacha kumpa kusoma Maandiko mbele, kwa kuwa wino ni wino. Hilo ndilo lililomuuma kuliko nyumba.

Bwana Mustari alisifiwa, akatumwa upande wa Masisi kujenga kituo kingine. Alijenga mfereji wa simenti, mwembamba, wenye kona ya meza na safu tatu za vijiti vilivyosimama kama askari. Vitunga hakuvichora, kwa sababu ni vya duara na vilimharibia karatasi. Haukupita muda, barua ikaja kwetu. Iliandikwa kwa adabu ambayo hatukuwa tumeizoea. Pampu inakohoa. Maji iko. Kinachokosekana ni nini?

"Nijibu nini, Papa?"

"Andika: tutakuja kusema. Buku yangu itakuja na mimi."

Tulisafiri siku mbili juu ya gari la mazutu. Bwana Mustari alitupokea mwenyewe kwenye mfereji. Alikuwa amekonda. Shimoni kitovu kilikuwa kikubwa, ungeweza kukitia ngumi. Papa Ndoole hakukitazama. Alifungua buku lake kwenye ukurasa ule, akaliweka juu ya simenti, pale kwenye kona.

"Bwana, kwanza hii."

"Nilisema, karatasi hapana kufutwa."

"Sitaki ifutwe. Bwana anajua kupiga mustari. Apige moja hapo juu yake, na jina yake pembeni."

Bwana Mustari alitazama buku, akatazama shimo. Pampu ikakohoa. Akajipapasa mifukoni, mfuko wa kwanza, wa pili, kisha uso wake ukapata nafuu.

"Wino hakuna."

Nilikuwa nimebeba chupa tangu Walikale, imefungwa kwa kitambaa, na kalamu mbili, maana sijiamini na moja.

"Wino iko, Bwana," nikasema.

Alitoa rula. Akaiweka juu ya neno, akafunga jicho moja, akapiga mstari. Kati ya mistari yote niliyomwona akiipiga katika maisha yake, huo ndio pekee uliokaa mahali pake. Papa Ndoole alipuliza wino ukauke, akafunga buku, akalitia ndani ya shati. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakitutazama kutoka shambani.

"Bamama," akaita, "mihogo yenu munalowesha wapi?"